Namna ya kufuatilia vita vya mbali kwenye bei za Mombasa, bila kutoka Nairobi

Juzi mpwa wangu aliye kampasi alinitumia asainmenti yake ya historia. Swali: vita na mitikisiko ya uchumi huko ng'ambo iliathiri vipi bandari ya wakati wa mkoloni. Kijana kachagua Mombasa, sawa, alafu kaandika kurasa tatu kwamba vita vilikuja, meli zikapungua, biashara ikaanguka, watu wakateseka. Nikamwambia bana hapa hujasema kitu, manake kuna vita viliijaza Mombasa mpaka watu wakakosa pa kulala. Basi nikamwandikia hivi, na nikaona niweke hapa pia, kuna wengi watasaidika.

Cha kwanza kabisa, usianze na vita. Anza na kitu kimoja kilichokuwa kinapita bandarini, kitu cha kushikika, alafu ukifuate kama unamfuata mtu anayekudai... au unayemdai. Ukianza na vita utaishia kuhadithia majenerali na hutafika gatini hata siku moja.

Mfano ninaoupenda ni amerikani. Ile kitambaa nyeupe ngumu, ukienda Biashara Street ukauliza amerikani wazee wa pale wanajua unataka nini. Jina halikuanguka kutoka mbinguni. Miaka ya 1830 na kuendelea, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wanaleta vitambaa vya viwanda vya kwao Zanzibar na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi (ule utomvu mgumu wa miti), na kutoka Zanzibar kitambaa kikasambaa pwani yote na kupanda bara na misafara, mpaka huko ndani kikawa ni kama pesa, unalipia chakula, unalipia njia. Sasa 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, pamba ya kusini ikafungiwa, viwanda vya kaskazini vikakosa malighafi, na mpagazi aliyekuwa amekaa zake Mombasa, ambaye hajawahi kusikia jina la rais wao Lincoln, akaanza kulipwa kwa kitambaa cha Uingereza au cha India. Vita viliisha 1865, Wamarekani wakarudi, lakini hawakulikuta soko kama walivyoliacha, viwanda vya Bombay navyo vikaja kuingia kwa nguvu. Kilichobaki imara ni jina. (Najua, wakati huo Mombasa ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na Mwingereza hajaweka bendera, lakini njia ya kufuatilia ni ileile.)

Ukishachagua kitu chako, chukua karatasi upige mstari katikati. Kushoto tarehe ya jambo lilipotokea huko, kulia tarehe lilipofika hapa, alafu uangalie limechukua muda gani njiani. Kuna mengine yalifika haraka ajabu. Vita vya kwanza vya dunia vilianza Agosti 1914, mwezi huohuo manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imetoka Dar es Salaam, ikateka meli ya mizigo City of Winchester iliyobeba chai ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), na tarehe 20 Septemba ikaizamisha Pegasus ya Waingereza palepale Zanzibar. Fikiria wewe ni mfanyabiashara wa Mombasa una mzigo uko baharini wiki hiyo. Hujaona risasi lakini usingizi huna.

Mengine yalichelewa, na hayo ndiyo matamu, kwa hivyo hapa nitakaa kidogo.

Fuata pesa yenyewe. Kabla ya vita tulikuwa tunatumia rupia ya India, sarafu ya madini ya fedha, na kima kilikuwa rupia 15 kwa pauni moja, yaani rupia moja ni shilingi 1 na peni 4. Vita vikaisha 1918, watu wakapumua. Kumbe wakati wa vita India ilikuwa imeuza vitu vingi sana nje, na bei ya madini ya fedha duniani ikapanda, rupia nayo ikapanda nayo mpaka 1920 ikapita shilingi 2. Serikali ikaamua kuifunga kwenye shilingi 2, yaani sasa rupia 10 tu zinatimiza pauni. Wakaleta sarafu inaitwa florini ikakaa muda mfupi tu, alafu ikaja hii shilingi tuliyonayo mpaka leo.

Sasa fanya hesabu, na hapa usiruke, hapa ndipo mpwa wangu aliruka. Mwenye shamba anauza kahawa yake London kwa pauni. Mfanyakazi anamlipa rupia 10. Zamani rupia 10 zilikuwa shilingi 13 na peni 4, sasa ni shilingi 20. Mfanyakazi haoni nyongeza yoyote mfukoni, rupia ni zilezile 10, lakini tajiri anaona mshahara umepanda kwa nusu na deni lake la benki vilevile, na wakati huohuo 1920 kuelekea 1921 bei za mazao zikaporomoka ulimwenguni. Nani alibeba? 1921 waajiri wakaamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na kodi ya nyumba na kichwa ilikuwa imepandishwa mpaka shilingi 16. Hapo ndipo Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi wa Kiafrika, na wenzake wakasimama, akakamatwa Machi 1922, na tarehe 16 watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi wakapigwa risasi, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akiwa mbele. Barabara ya Harry Thuku unaipita kila siku ukienda zako University Way na hujui kwamba mojawapo ya njia zilizoleta ile siku ni bei ya rupia ya India.

Kwa hivyo swali la "nani alibeba" uliulize kila mara, liandike kwa kalamu nyekundu. Wakati mwingine ni kubeba kabisa, kwa kichwa. Sanamu ya askari watatu pale Kenyatta Avenue, nenda uitazame vizuri, mmoja ni mpagazi wa jeshi. Hao ndio Carrier Corps wa vita vya kwanza, watu wa maelfu kwa maelfu, wengi waliuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi, na kambi yao ndiyo ikatupa jina Kariokor.

1929 na kuendelea sitakaa sana, bei zilianguka kila mahali na hilo mpwa wangu alilipata. Ongeza tu kitu kimoja: Kilindini, bandari ya Mombasa, ilikuwa imetoka kujengewa magati ya meli kubwa miaka ya 1920, kwa pesa za mkopo. Mzigo unapungua, deni halipungui.

Alafu 1942, vita vya pili vya dunia, na hapa ndipo "biashara ikaanguka" inakufa kifo chake. Singapore ikaanguka Februari, Wajapani wakashambulia Colombo Aprili, Waingereza wakahamishia meli zao za kivita Kilindini. Wasoma siri za redio za Wajapani wakawekwa kwenye shule ya Allidina Visram hukohuko Mombasa. Kazi ilikuwa tele, lakini bei na kodi za nyumba zikapanda kushinda mishahara, vita vikaisha na ugumu ukabaki, na Januari 1947 karibu watu 15,000 wakagoma siku 12. Ukiona miaka 1942 na 1947 kwenye karatasi yako, unganisha kwa mstari.

Wapi utapata haya? Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue karibu na Ambassadeur ambalo zamani lilikuwa benki. Beba kitambulisho, ujiandikishe, beba penseli. Faili za mkuu wa mkoa wa Pwani zinaanza na PC/COAST, ulizia orodha yake kwanza. Mimi mara ya kwanza niliomba faili zenye neno "vita" nikapoteza siku nzima na barua za sare na mabuti. Omba forodha, omba kazi na mishahara, omba bei za vyakula. Vita vyenyewe utavikuta humo humo vimejificha, mara mkubwa fulani analalamika mchele umeadimika. Magazeti ya zamani yatafute pia, kurasa za matangazo ya meli zinasema mengi kuliko tahariri.

Mpwa wangu ameanza upya na kachagua mkonge, si mbaya, manake Wajapani walipochukua Ufilipino na Java 1942 katani ya huko ikakatika na wote wakageukia mkonge wetu na wa Tanganyika. Sasa ananisumbua anataka kamba ya mkonge apige picha ya kuweka mbele ya kazi. Nimemwambia apande matatu aende Kariokor, vyondo na kamba ziko pale tele.