Siku 21 za Kumzoesha Ng'ombe Pumba: Zisirukwe

Kuanzia Agosti, nyasi za Nachingwea, Liwale na Kilwa mkoani Lindi zikishakauka, wanaonunua ng'ombe ili wawanenepeshe na kuwauza msimu wa fedha za korosho hurudia kosa lilelile. Ng'ombe analetwa jioni kutoka machungani, amechoka na ana njaa. Asubuhi anakuta kihori kimejaa pumba na mahindi, anakula mpaka aache mwenyewe. Kesho yake yuko chini, tumbo limetuna, macho yameingia ndani, anaharisha uharo wa kijivu wenye harufu ya togwa lililochacha, na chembe za mahindi zinaonekana humo nzima nzima. Majirani husema kalishwa sumu. Hakuna sumu hapo, ni pumba na mahindi aliyopewa kabla tumbo lake halijawa tayari.

Mabishano ya ipi bora, nyama ya ng'ombe wa malisho au ya ng'ombe wa nafaka, yamewapotosha wengi. Anayesema nyama ya malisho ina mafuta machache, tena ya rangi ya manjano kwa sababu ya majani mabichi, anasema kweli. Anayesema nafaka inawahisha uzito naye anasema kweli. Lakini wanaotolea mfano Marekani kana kwamba huko ni nafaka tu wajue kwamba hata huko ndama hukulia malishoni, na nafaka huja miezi ya mwisho tu. Akiingia zizi la kunenepeshea, huongezewa nafaka kwa hatua kwa muda wa wiki tatu hivi. Hata wao, kwa mashamba yao makubwa, hawamhamishi ng'ombe kwa siku moja. Kwa Lindi na Mtwara, majani na pumba ni vya kutumika pamoja. Hasara inatokana na namna ya kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine.

Sababu ni hii. Tumbo kubwa la ng'ombe linaendeshwa na vijidudu, na vinavyomeng'enya majani si vile vinavyomeng'enya wanga. Ng'ombe wa machungani ana vingi vya majani. Wanga mwingi ukiingia ghafla, vijidudu vinavyotengeneza asidi huzaana haraka, ndani ya saa chache, kuliko vile vinavyoweza kuitumia asidi hiyo. Kipimo cha asidi tumboni, pH, ambacho hushuka asidi inapozidi, kwa kawaida huwa kati ya 6 na 7. Kikishuka chini ya 5, tumbo husimama, ukuta wake huungua, na maji huvutwa kutoka kwenye damu kuingia tumboni. Ndiyo maana anaharisha huku anakauka. Anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Anayepona mara nyingi hubaki na maumivu ya kwato, au ini lenye majipu ambalo mkaguzi wa nyama atalitupa.

Sasa vipimo, na vifuatwe kama vilivyo. Chukua ng'ombe wa kilo 200. Siku ya 1 hadi ya 3 apate kilo 1 tu ya mchanganyiko wa pumba (nautaja hapa chini) kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Siku ya 4 hadi ya 7, kilo 1.5. Siku ya 8 hadi ya 10, kilo 2. Siku ya 11 hadi ya 14, kilo 2.5. Siku ya 15 hadi ya 18, kilo 3. Siku ya 19 hadi ya 21, kilo 3.5. Kilo 4 ni kuanzia siku ya 22, na usizidishe hapo. Muda wote huo majani makavu yawepo, naye ale yasiyopungua kilo 2 kwa siku. Yakatwe vipande virefu kuliko upana wa vidole viwili. Majani yaliyosagwa kama vumbi hayamcheuzi, na mate ya kucheua ndiyo yanayopunguza asidi. Majani yatangulie, mchanganyiko ufuate saa moja baadaye. Kumpa pumba ng'ombe aliyelala na njaa ni kosa, hata iwe siku ya 40.

Kilo 100 za mchanganyiko hutengenezwa hivi, kwa kilo: pumba za mahindi 55, mashudu ya ufuta 22, mahindi yaliyoparazwa (yaliyovunjwa vipande) au makopa ya muhogo yaliyopondwa 20, chokaa ya mifugo 2, chumvi 1. Mwambie mwenye mashine aparaze, asisage. Unga laini hugeuka asidi haraka zaidi.

Na tuache kupima kwa ndoo. Ndoo ya mahindi yaliyoparazwa inaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya ndoo hiyohiyo ya pumba. Pima mchanganyiko wako kwenye mizani mara moja, weka alama kwenye kopo, tumia kopo hilo. Ukibadilisha mchanganyiko, pima upya.

Hesabu ikiwa sahihi na bado dume mmoja akaugua, tazama kihori. Kila ng'ombe anahitaji nafasi ya sentimita 60 hadi 75. Kihori kikiwa kifupi, mbabe anasukuma wenzake anakula mafungu matatu, na ndiye anayekufa, aliye mzuri kuliko wote. Mfunge pembeni wakati wa kula.

Pumba zikikosekana siku moja, usifidie kwa kumpa mara mbili. Zikikosekana siku mbili au zaidi, rudi nyuma wiki moja kwenye ratiba.

Mabibo, matunda ya mikorosho, nayo yana hatari hiyohiyo. Oktoba hadi Desemba ng'ombe akiachiwa kwenye mikorosho akiwa na njaa, sukari ya mabibo huchacha tumboni. Anapepesuka, watu wanasema amelewa, wanamwacha alale. Ulevi upo, lakini asidi ipo pia, na kumwacha ni kumpoteza. Ashibe majani kwanza, ndipo apite humo kwa muda mfupi. Mabibo yaliyoanikwa yakakauka yanafaa, ila yahesabiwe ndani ya kilo za siku.

Mambo yakienda vizuri, kinyesi kinashikamana, wengi wanacheua wakiwa wamelala, na ng'ombe wa asili anaongeza nusu kilo hadi robo tatu kwa siku.

Akishaugua, ondoa pumba zote papo hapo, mwachie majani makavu, maji apewe kidogo kidogo. Mwite mtaalamu wa mifugo. Wakati unamsubiri, kama bado anasimama na kumeza, mnyweshe magadi ya mandazi (baking soda) gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 200 kwa ng'ombe wa kilo 200, kwenye lita 5 za maji ya uvuguvugu, polepole, kichwa kisiinuliwe sana maji yasiingie kwenye mapafu. Mafuta ya kula hayasaidii hapa. Hayo ni ya tumbo lililojaa povu la gesi, hayapunguzi asidi. Wala usiwahi kisu ukauza nyama bila ukaguzi. Akipona, akishacheua siku 5 mfululizo, anaanza tena siku ya 1 kwa kilo 1. Kama alichomwa dawa, asichinjwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.