Jinsi ya kupima ubora wa hospisi kabla ya kumkabidhi mgonjwa wenu

Kipimo cha hospisi ni saa nane usiku. Mchana kila huduma hupendeza: mapokezi ni safi, wauguzi ni wachangamfu, kipeperushi kimejaa maneno ya faraja. Lakini mgonjwa hachagui saa ya kuzidiwa. Maumivu yakipanda usiku wa manane, tena siku ya mapumziko, hubaki maswali mawili: nani atapokea simu, na dawa iko wapi? Mengi yaliyomo humu yanarudi kwenye maswali hayo.

Tukubaliane kwanza kuhusu jina. Hospisi humtunza mtu ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona, ili siku zilizobaki zipite bila mateso. Wodi inaweza kuwepo, lakini wagonjwa wengi hutunzwa nyumbani, na kazi ya kutwa na kucha hufanywa na ndugu. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mwenye ugonjwa mzito, ni pana zaidi, kwani inaweza kuanza siku ileile mtu anapoambiwa ana saratani, sambamba na matibabu ya kuponya. Kwa hiyo ukiambiwa "tunatoa tiba shufaa", uliza kama wanamfuata mgonjwa nyumbani hadi mwisho, au wanamwona kliniki tu.

Piga simu usiku

Kabla ya kwenda kuwaona, omba namba ya dharura na uipigie saa tatu au saa nne usiku, mwisho wa juma. Sema ukweli, kwamba mna mgonjwa na mnatafuta huduma. Angalia nani anapokea: muuguzi wa zamu, mlinzi, au sauti iliyorekodiwa. Kisha uliza swali moja: "Mgonjwa akizidiwa na maumivu sasa hivi, mtafanya nini?"

Jibu zuri lina hatua. Muuguzi atasikiliza dalili, atafungua faili la mgonjwa, ataelekeza dozi gani iongezwe kutoka kwenye dawa ambazo tayari zipo nyumbani, atapiga tena baada ya nusu saa au saa moja, na hali isipotulia atakuja au atamtuma mtu. Jibu baya ni fupi: "Mpelekeni hospitali." Chumba cha dharura ambako hakuna anayemjua mgonjwa ndiko hasa familia ilikotaka kuepuka. Usimweke muuguzi kwenye simu muda mrefu, maana huenda kuna mwingine anayemhitaji.

Uliza pia inachukua muda gani tangu ombi hadi ziara ya kwanza. Siku moja ni vizuri, mbili zinavumilika. Ukiambiwa wiki ijayo, tafuta kwingine, kwa sababu wagonjwa wengi hufika hospisi wakiwa wamechelewa, na wiki inaweza kuwa ndiyo yote waliyobakiwa nayo.

Wasikilize wanavyozungumzia morfini

Hapa ndipo hospisi nzuri inapojitenga na ya jina tu. Si lazima uwe mtaalamu wa dawa. Elewa tu utaratibu wa kawaida, ili ujue kama majibu unayopewa yana mshiko. Dozi ya mgonjwa wenu ataipanga daktari wake.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya saratani ambao msingi wake haujabadilika: dawa itolewe kwa mdomo inapowezekana, na itolewe kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, huanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa na hudumu takriban saa nne. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Mara nyingi dozi hiyo ya mwisho huwa mara mbili ya zile nyingine, ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Ukiambiwa "mpe akilalamika", ujue hawajui kazi yao au wanaiogopa dawa. Maumivu yaliyoachwa yapande huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha.

Uliza kuhusu dozi ya nyongeza, ile ya maumivu yanayochomoza kabla ya saa ya dawa kufika. Kwa desturi ni moja ya sita ya jumla ya siku. Tuchukue mfano. Mgonjwa anapewa miligramu 5 kila saa nne, yaani 30 kwa siku. Nyongeza yake ni 5. Jana alihitaji nyongeza nne, kwa hiyo jumla ilifika 50. Muuguzi makini akiliona hilo kwenye daftari la dozi hampongezi mtu kwa kujitahidi. Anampigia daktari, dozi ya kawaida inapandishwa kuelekea miligramu 8. Nyongeza nne kwa siku zikiendelea juma zima bila badiliko lolote, hakuna anayesoma lile daftari.

Mambo mengine manne ya kusikilizia. La kwanza ni choo. Morfini hufunga choo, na mwili hauzoei athari hiyo hata baada ya miezi, hivyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na morfini. Anayesema "tutaona kama itahitajika" amekwisha kuchelewa. La pili ni usingizi na kichefuchefu: huja siku za mwanzo na kwa kawaida hupungua, na familia inapaswa kuambiwa mapema, la sivyo wataificha chupa wakidhani dawa inamuua mgonjwa. La tatu ni figo. Zikiwa dhaifu, morfini hujilimbikiza, na mgonjwa huanza kushtukashtuka misuli na kuweweseka. Uliza wanafanyaje kwa mgonjwa kama huyo. Wanapaswa kutaja kupunguza dozi, kuipa nafasi ndefu zaidi kati ya dozi na dozi, au kubadili dawa.

La nne ni chupa yenyewe, na hili husababisha ajali kubwa. Morfini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: kuna yenye miligramu 5 katika mililita 5, na kuna yenye miligramu 50 katika mililita zilezile 5. Anayezoea ya kwanza akipewa ya pili bila kuambiwa, atampa mgonjwa mara kumi ya dozi. Muuguzi mzuri hukusomea lebo kwa sauti, hukupa bomba la sindano lisilo na sindano badala ya kijiko cha jikoni, huweka alama ya wino kwenye mstari wa dozi, kisha hukwambia: "Haya, vuta wewe nikuone." Zipo pia tembe za kutoa dawa polepole kwa saa 12. Hizo hazisagwi wala hazitafunwi, kwani dawa yote hutoka kwa mkupuo.

Na wakikuambia kwamba morfini "huachwa hadi mwisho kabisa", shukuru na uage. Dawa hutolewa kwa ukubwa wa maumivu, haingojei mtu akaribie kufa.

Mwili mzima, na mtu mzima

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alikuwa amesomea uuguzi, ustawi wa jamii na udaktari. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia mwisho yana sehemu nne zilizofungamana: mwili, nafsi, mahusiano na roho. Wengi wetu hatuwezi kubeba taaluma tatu kichwani, ndiyo maana hospisi hufanya kazi kwa timu. Uliza nani yumo: daktari, muuguzi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mshauri wa kiroho anayekubali dini ya mgonjwa badala ya kuleta yake. Muuguzi peke yake, hata awe hodari vipi, si timu.

Kwa upande wa mwili, chagua dalili mbili au tatu zinazomhusu mgonjwa wenu na uulize wanazishughulikiaje. Mgonjwa anayehema kwa shida: unataka kusikia feni inayopuliza usoni, kumketisha kwa kumwegemeza, na dozi ndogo ya morfini; oksijeni husaidia hasa yule ambaye oksijeni ya damu imeshuka. Kidonda cha saratani kinachonuka: watataja unga wa metronidazole, dawa ya kuua bakteria, kupakwa kidondani. Asiyeweza kujigeuza: ratiba ya kumgeuza iliyoandikwa, mara nyingi kila saa mbili, na ukaguzi wa visigino na mfupa wa kitako kila ziara. Wengi huangalia mgongo tu wakasahau visigino.

Kwa mgonjwa asiyeweza kusema, namba za maumivu kutoka 0 (hakuna) hadi 10 (makali kabisa), ambazo mgonjwa hutaja mwenyewe, hazina kazi. Waulize wanatazama nini. Anayejua atataja uso uliokunjamana, ngumi zilizofumbwa, mguno anapogeuzwa.

Piga hesabu ya wauguzi

Uliza muuguzi mmoja wa nyumbani ana wagonjwa wangapi, kisha fanya hesabu mbele yake. Kwa safari, maandishi na mazungumzo na familia, ziara nne au tano kwa siku ni kazi ya kutosha, yaani 20 hadi 25 kwa siku tano. Mgonjwa akitembelewa mara mbili kwa wiki, hiyo ni wagonjwa 10 hadi 12. Ukitajiwa 30, ina maana ziara 12 kwa siku. Hazifanyiki, ama ni za dakika kumi, ama zinaandikwa bila kufanywa.

Uliza vilevile kama muuguzi ni yuleyule kila mara, na daktari humwona mgonjwa lini. Daktari anayetia saini tu bila kumjua mgonjwa si wa kumtegemea.

Karatasi na fedha

Hapa pafupi. Ona leseni ya huduma na usajili wa wauguzi, na uzithibitishe kwa mamlaka husika. Omba bei kwa maandishi: kipi kimo na kipi kinalipiwa kando, kama dawa, kitanda, godoro la kuzuia vidonda, nepi, ziara ya usiku. Uliza nini hutokea mgonjwa akiishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, au mkitaka kuondoka. Kuondoka kusiwe na faini. Anayekuharakisha utie saini siku ya kwanza, na mgonjwa hajamwona, anauza.

Waombe pia wakuunganishe na familia mbili zilizokwisha kutunzwa, kwa ridhaa yao. Usiwaulize kama waliridhika, watasema ndiyo. Uliza: "Usiku ule wa mwisho, mlikuwa na nani?"

Wiki ya kwanza

Baada ya kuanza, shika daftari. Andika saa ya kila dozi, namba ya maumivu kabla yake na saa moja baada yake, siku ya choo, saa ya kila simu mliyopiga na saa waliyojibu. Siku ya pili ikiisha, maumivu yanapaswa kuwa yameshuka hadi kiwango ambacho mgonjwa mwenyewe anakikubali, au angalau mpango uwe umebadilishwa mara moja kwa ajili hiyo. Namba ikibaki 8 kwa siku tatu na dozi ni ileile, omba kuzungumza na daktari siku hiyohiyo.

Tazama muuguzi anavyoingia. Anamsalimu mgonjwa kabla ya kumsalimia mwenye nyumba? Anaosha mikono? Anaketi? Anaangalia kinywa, ambacho kwa mgonjwa dhaifu hukauka na kuota utando mweupe? Anauliza choo kilipatikana lini? Na kabla ya kuaga, anahesabu dawa zilizobaki? Hilo la mwisho ni dogo lakini linasema mengi. Dawa ikimalizika Jumamosi, kosa lilifanyika Alhamisi.

Lazima pawe na dawa za akiba nyumbani mapema: za maumivu, kichefuchefu, mfadhaiko wa kuweweseka na makohozi ya mwisho, kila moja na lebo inayosema itumike lini, baada ya kupiga simu gani. Zikae mahali pa kufungwa, mbali na watoto. Mkiwa bado hamnazo wiki ikiisha, dai.

Siku za mwisho na baada yake

Uliza mapema ziara huongezeka namna gani mgonjwa anapokaribia kukata roho. Zikibaki mbili kwa wiki, huduma imekosa wakati wake. Familia iwe imeambiwa watakachokiona: mikono na miguu kupoa, pumzi kukatika kisha kurudi, sauti ya makohozi kooni ambayo huwasumbua wanaosikia kuliko mgonjwa. Kwa sauti hiyo wauguzi humlaza mgonjwa ubavu, na huenda wakampa hyoscine, dawa ya kupunguza makohozi, chini ya ngozi. Kuingiza mpira wa kunyonya makohozi mara nyingi humtesa bure. Watawaambia pia msimlazimishe kula, na kwa nini dripu katika hatua hiyo huweza kuongeza uvimbe na maji ya mapafu badala ya nguvu. Dawa zisizo na kazi tena, kama za kolesteroli na vitamini, ziwe zimesimamishwa.

Swali la mwisho la kuwauliza, ambalo wengi huona aibu kulitaja, ni hili: akifariki nyumbani, tunampigia nani, nani anathibitisha kifo, na nani anachukua morfini iliyobaki? Watakaojibu bila kusitasita watakuwa na fomu ya kurudishia dawa ndani ya faili, na jina la mtu atakayewapigia simu wafiwa wiki chache baada ya mazishi.