Somo: Kukata rufaa ya fidia ya ulemavu wa jeshini Marekani bila kupoteza tarehe yako

Ndugu zangu mliotumikia jeshi la Marekani, nanyi wake na waume mnaowatunzia makaratasi, hili ndilo somo nililoahidi. Dai langu la goti lilichukua miaka mitano na lilikataliwa mara mbili kabla ya kukubaliwa. Wengi wetu tuliingia jeshini tukiwa na kadi ya kijani, wengine kupitia mpango wa MAVNI uliotafuta wenye lugha kama Kiswahili, na tulikulia mahali ambapo serikali ikisema hapana, unakunja karatasi unakwenda nyumbani. Barua yangu ya kwanza niliifungia kabatini miezi tisa. Ilibaki miezi mitatu tu nipoteze kila kitu.

Hatua ya 1: Linda tarehe

Kwa kawaida fidia huhesabiwa tangu siku dai lako lilipopokewa na Idara ya Maveterani (VA), ambayo ndiyo huamua madai haya. Ukikataliwa, una mwaka 1 wa kuchukua hatua, kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, wala si siku uliyoifungua. Ukijibu ndani ya mwaka huo, tarehe yako ya mwanzo inabaki hai hata ukikataliwa tena na tena.

Chukulia umepeleka dai Machi 2019, ukawa unajibu kila kukataliwa ndani ya mwaka, ukakubaliwa 2024. Utalipwa malimbikizo kuanzia Aprili 2019. Mwenzako mwenye jeraha lile lile aliyenyamaza, akarudi na dai 2024, atalipwa kuanzia 2024. Hiyo ni miaka mitano ya karo na kodi ya nyumba. Ndiyo maana nasema rufaa ndefu si balaa maadamu tarehe iko hai. Balaa ni kimya.

Kama hujadai kabisa, tuma leo fomu 21-0966 ya kutangaza nia. Itakushikia tarehe kwa mwaka 1 huku ukikusanya vielelezo.

Hatua ya 2: Tafuta nguzo iliyokosekana

Dai husimama kwa nguzo tatu: ugonjwa ulio nao sasa, jambo lililokupata jeshini, na kiungo cha kitabibu kati ya hayo mawili. Soma barua taratibu, ikiwezekana na mtu asiyekuwa na hasira kama wewe. Kuna sehemu inayoorodhesha mambo waliyoyakubali. Itunze sana, kwa sababu mwamuzi anayefuata anafungwa nayo, isipokuwa pakionekana kosa la wazi kabisa.

Kwangu walikubali kwamba goti ni bovu, wakakubali kwamba nilianguka kutoka kwenye lori. Kilichokosekana ni kiungo. Mimi nikahangaika mwaka mzima kutafuta picha zaidi za goti, nikithibitisha jambo ambalo hakuna aliyelibishia.

Hatua ya 3: Omba faili lako lote

Tumia fomu 20-10206. Humo utaona alichoandika daktari aliyekupima kwa ajili ya dai. Ukikuta ameandika kwamba hujawahi kutibiwa, na wewe una karatasi ya zahanati ya kambini, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 4: Chagua njia

Tangu 19 Februari 2019 njia ni tatu.

Dai la nyongeza, fomu 20-0995, ni la mwenye ushahidi mpya unaogusa nguzo iliyokosekana. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayowafaa wengi wetu.

Uhakiki wa ngazi ya juu, fomu 20-0996, hufanywa na mwamuzi mwenye uzoefu zaidi, kwa faili lile lile. Haupokei karatasi mpya. Ichague kama ushahidi ulikuwamo ukapuuzwa. Omba mazungumzo ya simu, umwonyeshe ukurasa.

Ya tatu ni Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182. Utachagua usomewe faili lilivyo, uongeze ushahidi ndani ya siku 90, au usikilizwe na hakimu, hata kwa video. Ni njia ndefu. Mwenye miaka 75 au zaidi, ugonjwa mzito au dhiki kubwa ya fedha anaweza kuomba asogezwe mbele.

Bodi ikikataa, una siku 120 kwenda Mahakama ya Rufaa za Maveterani huko Washington, au mwaka 1 kurudi na dai la nyongeza. Hizo siku 120 zimewaponza watu waliozoea kuhesabu mwaka.

Hatua ya 5: Jenga kiungo

Barua ya daktari isemayo "huenda" haisaidii. Aseme kwamba uwezekano wa jeshi kuwa chanzo ni nusu kwa nusu au zaidi, kisha aeleze kwa nini, na aandike kwamba amesoma rekodi zako. Sheria inasema mizani ikilingana, veterani ndiye anayepewa. Barua yangu iliyoshinda ilikuwa ukurasa mmoja na nusu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kaka. Mume wangu hazungumzi kuhusu Afghanistan, ila usiku anapiga kelele na halali. Mimi si daktari, naweza kuandika?*

Marahaba dada. Andika, kwa fomu 21-10210. Usitaje jina la ugonjwa. Eleza unayoyaona na kuyasikia, mara ngapi, tangu lini. Mama yake naye aeleze alivyokuwa kabla ya kuondoka. Akiandika kwa Kiswahili, itafsiriwe Kiingereza na mtafsiri aweke saini. Na usiku ukizidi, piga 988 kisha bonyeza 1, hata wewe mwenyewe. Usingoje barua.

*Kuna kampuni inataka malipo ili initayarishie dai la kwanza. Nilipe?*

Hapana. Kumtoza veterani kwa kumtayarishia dai la kwanza hakuruhusiwi. Mashirika ya maveterani kama DAV na American Legion husaidia bure. Kwenye rufaa wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa. Asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ya haki.

*Nilipata asilimia 50 ya ulemavu kwa jeraha moja na 30 kwa jingine, mbona jumla wameandika 70 na si 80?*

Hawajumlishi. Wanaanza na mtu mzima wa 100. Ukitoa 50 unabaki mtu wa 50. Asilimia 30 ya hiyo ni 15. 50 na 15 unapata 65, nayo hukadiriwa kwenye kumi iliyo karibu, inakwenda 70.

*Nimerudi Nairobi. Rufaa yangu imekufa?*

Haijafa, ndugu yangu. Fidia hulipwa hata ukiishi nje ya Marekani, na vipimo hupangwa huko huko uliko. Badilisha anwani leo, kwa maana wito wa kupimwa ukienda kwenye nyumba uliyohama na usitokee, dai linaweza kukataliwa.

*Baba alifariki mwezi wa nne, rufaa ikiwa Bodi. Mama aache tu?*

Poleni sana. Mama asiache. Aombe kuchukua nafasi yake kwa fomu 21P-0847 ndani ya mwaka 1 tangu kifo. Akikubaliwa ataendelea pale pale baba alipofika, kwa tarehe ile ile ya baba. Niandikie faragha, tutaijaza pamoja Jumamosi.