Somo: Namna ya kusoma mfuko wa chakula cha mifugo ulioandikwa Kiholanzi au Kiingereza

Ndugu wafugaji, hamjambo. Somo hili nimelitayarisha kwa vijana wanaokwenda Uholanzi kujifunza kazi kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, na kwa yeyote anayekutana na mfuko uliotoka huko. Mimi nilianzia Friesland. Wiki ya pili nilichota ndoo ya chakula cha ng'ombe nikaelekea nayo banda la kondoo. Mzee mwenye shamba akanishika mkono, akaugeuza mfuko na kuweka kidole kwenye neno moja: "koper". Shaba. Ng'ombe anaihitaji, lakini kondoo inamrundikania kwenye ini mpaka inamuua, na kondoo wa Texel, ambao Uholanzi ndiko kwao, hudhurika upesi zaidi. Tangu siku hiyo sichoti kitu kabla sijausoma mfuko.

Hatua ya 1: Anzia mwisho wa neno

Kiholanzi huunga maneno yakawa marefu. Usiogope urefu. Kitu chenyewe kiko mwisho, anayekula yuko mwanzo. "Voer" ni chakula cha mnyama, ndugu wa "fodder" ya Kiingereza. Basi "veevoer" ni chakula cha mifugo, "kippenvoer" cha kuku, "kalvervoer" cha ndama. "Biggenvoer" huwapoteza waliozoea Kiingereza: "big" kwa Kiholanzi ni mtoto wa nguruwe, ukubwa haumo kabisa. Na "vervoer" ni usafiri, ingawa "voer" imo ndani yake.

Jambo la adabu pia: binadamu anapokula husemwa "eten", mnyama "vreten". Ukimwambia mwenyeji wako hilo la pili mezani, umemtukana.

Hatua ya 2: Tenga malisho na chakula cha nguvu

"Ruwvoer", kwa Kiingereza "roughage", ni nyasi na majani ya kila namna. "Krachtvoer", yaani "concentrate", ni chakula cha nguvu. "Hooi" ni "hay", majani yaliyokaushwa. "Stro" ni "straw", mabua ya ngano au shayiri baada ya kuvuna, na mengi hutandikwa mnyama alalie.

Saileji, yaani majani yaliyovundikwa bila hewa, ndiyo ninayoipenda kuieleza. Wao huiita "kuilvoer", na "kuil" ni shimo. "Silage" ya Kiingereza imetokana na "silo", neno lililotoka Kihispania, nalo lilikuwa shimo la kuhifadhia nafaka. Lugha mbili, shimo lilelile. Siku hizi huko wengi hulundika majani, au "snijmaïs", yaani mahindi yaliyokatwakatwa bua na gunzi pamoja, juu ya sakafu ya zege. Trekta hupanda na kushuka likishindilia hewa itoke, kisha lundo hufunikwa plastiki na kulaliwa na matairi ya zamani. Asubuhi ukifunua upande mmoja, harufu nzuri ni ya uchachu. Ikinuka kama siagi iliyooza, au ukiona ukungu, usimpe ng'ombe.

Hatua ya 3: Tazama umbo

"Meel" kwenye chakula cha kuku ni "mash", yaani kilichosagwa. "Korrel" ni punje zilizoshindiliwa, "kruimel" ni punje hizo zikiwa zimevunjwavunjwa kwa ajili ya vifaranga, na "brok" ni vipande vinene vya ng'ombe. Sasa kuwa makini: "soybean meal" ya Kiingereza kwa Kiholanzi ni "sojaschroot", yaani soya iliyokwisha tolewa mafuta. Mashudu yaliyokamuliwa kwa mashine huitwa "schilfers" au "koek". "Bierbostel" ni machicha ya bia.

Neno "corn" nalo linategemea aliyeliandika. Mmarekani anamaanisha mahindi. Mwingereza wa shambani anamaanisha nafaka, mara nyingi ngano. Mholanzi akiandika "koren" ni nafaka. Mahindi ni "maïs".

Hatua ya 4: Mstari wa kusoma mara mbili

"Volledig diervoeder", kwa Kiingereza "complete feed", ni chakula kinachojitosheleza. "Aanvullend diervoeder", yaani "complementary feed", ni cha kuongezea juu ya kingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 767 ya mwaka 2009 inadai mojawapo iandikwe kwenye chakula kilichochanganywa. Ukimpa kuku cha kuongezea peke yake kwa sababu mfuko umechorwa kuku, utamharibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Njombe: Mfuko wangu una "ruwe as" asilimia 8. Wametia majivu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Maabara huchoma sampuli, na kinachobaki ni madini. Jirani zake ni "ruw eiwit", protini, "ruw vet", mafuta, na "ruwe celstof", nyuzinyuzi. Hiyo protini hupatikana kwa kupima nitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, kwa hiyo hata urea inaipandisha. Ng'ombe ananufaika na urea kidogo, kuku hapana. Soma na viambato, usiishie kwenye asilimia.

Swali, Eldoret: VEM 940 ni nini?

Jibu: Ni kipimo cha Kiholanzi cha nishati ya kutengeneza maziwa. Kilo moja ya shayiri ni karibu VEM 1,000. Ng'ombe wa kilo 600 anahitaji zaidi ya VEM 5,000 kwa siku kuutunza mwili tu, halafu karibu 450 kwa kila kilo ya maziwa. Hivyo kilo ya "brok" ya 940 inalipia kama kilo mbili za maziwa, ikiwa malisho yamekwisha kuubeba mwili.

Swali, Singida: Nimebakiwa na chakula cha kuku wa nyama. Naweza kumpa punda?

Jibu: Usimpe. Chakula hicho mara nyingi kina dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, na baadhi yake, kama monensin, huua farasi na punda hata kwa kiasi kidogo. Tafuta maneno "gevaarlijk voor paardachtigen" au "dangerous for equines". Usipoyaona, bado usimpe. Hicho kwa punda hapana, mpe majani.