Kontua Haipimwi kwa Macho

Kila masika simu ni ile ile: "Bwana shamba, tuta limepasuka." Nikifika nakuta limepasukia pale lilipo chini kuliko kwingine, na korongo jipya limeshazoa safu tatu za maharage. Tuta hufuata kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, na mstari huo hupimwa. Nikiuliza kipimo kiko wapi, naambiwa, "Nilikadiria tu."

Sisi wa Usambara ndio tunaodanganyika zaidi. Jicho lililokulia mlimani huona tambarare pasipo na tambarare. Piga hesabu: mfereji wa mita 50 ukishuka sentimita 1 tu kwa kila mita, ncha yake ya mwisho iko chini kwa sentimita 50. Tuta lako lina kimo hicho? Maji yaliyokuwa yametawanyika umeyakusanya mwenyewe, kisha ukayaonyesha njia. Afadhali usingechimba.

Tengeneza fremu A, kifaa cha kupimia usawa chenye umbo la herufi A. Fito mbili ndefu, miguu iachane mita 2, ufito wa kukatiza katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Fremu isiyorekebishwa ni kuni, na hapa ndipo wengi mnaponiudhi. Isimamishe, weka alama miguu ilipokanyaga na uzi ulipogusa ufito. Igeuze, mguu wa kulia ukae pa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ni kazi ya dakika tano!

Pima asubuhi, kabla upepo haujaanza kuchezea uzi. Mguu mmoja utulie, mwingine usogeze juu au chini hadi uzi ukae kwenye alama, kisha piga kigingi hapo. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba.

Kisha fuata vigingi hivyo uchimbe tuta liitwalo "fanya juu": mfereji upana sentimita 60, kina sentimita 60, udongo utupwe upande wa juu. Kati ya tuta na mfereji acha sentimita 30 zisizoguswa, la sivyo mvua ya kwanza itarudisha udongo wote shimoni. Majani ya mabingobingo au guatemala yapandwe juu ya tuta mvua ikishaanza.

Ukiona maji yametulia mfereji mzima, umepatia.

Chimba Januari na Februari. Anayenipigia Aprili, tuta limeshakwenda, nitamwambia asubiri udongo ukauke.