Kuandika manukuu ya Kiswahili ya komedi ya mapenzi ya jinsia moja

Tazama filamu nzima kwanza, uandike dakika ambayo siri inatoboka, yaani mtazamaji anapojua mpenzi ni wa jinsia gani. Katika Kiingereza mara nyingi hutobolewa na kiwakilishi cha kike au cha kiume, Kiswahili hakina. "Nimempata mtu, nampenda" huilinda siri bila jasho. Lakini wakati wa kufichua ukifika, "nampenda yeye" huua tukio zima. Andika "nampenda yule dada", na neno "dada" liingie pale pale mhusika anapolitamka. Likitangulia hata nusu sekunde, kicheko kimekwenda.

Kuoa na kuolewa ndiko wengi wanakojikwaa. Wanawake wawili wakichumbiana, "tunaoana" au "tunafunga ndoa" hukaa vizuri.

"Shoga" lipime sana: dada wa Pwani akimwita hivyo mwanamke mwenzake ni rafiki, mwanamume akiitwa hivyo ni tusi. Mhusika anayejieleza kwa heshima mpe "navutiwa na wanawake wenzangu".

Mwisho vipimo: mistari isiyozidi 2, herufi zisizozidi 42 kila mmoja, na maandishi yakae kwenye skrini sekunde 1 hadi 7. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo punguza viitikio kama "sawa" na "unajua", utani uuache mzima.