Kijana mwenye ulemavu akimaliza kidato cha nne: njia ya chuo na kazi hapa Arusha

Kazi yangu ni kuwaunganisha vijana wenye ulemavu na vyuo, kisha waajiri. Wazazi wengi hunifuata Februari, matokeo yakiwa yameshatoka na nafasi nyingi za Januari zimejaa. Anza kijana akiwa kidato cha tatu.

Hatua ya 1: Karatasi

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, na akifikisha miaka 18, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Hakikisha majina yanafanana na ya NECTA, Baraza la Mitihani, herufi kwa herufi. Kama anaelekea chuo kikuu na atahitaji mkopo, Bodi ya Mikopo hutaka ulemavu uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho. Anayehitaji mguu wa bandia au vifaa saidizi vingine apelekwe KCMC, Moshi, mapema: kifaa kipya kina mazoezi yake, na wiki ya kwanza ya chuo si wakati wa kuyaanza.

Hatua ya 2: Muulize yeye

Yeye, si shangazi. Familia nyingi huamua kwamba kiziwi atashona na asiyeona atakuwa mwalimu, basi. Mpeleke akaone watu wazima wakiwa kazini. Pale kwenye karakana ya Shanga, Burka, watu wenye ulemavu wanatengeneza vyombo vya kioo kwa chupa zilizotumika, wanafuma, wanatunga shanga. Kijana akishaona fundi kiziwi akipuliza kioo, maswali yake hubadilika, na ya mama yake pia.

Hatua ya 3: Kikague chuo kwa miguu yenu

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Barua ya kukubaliwa haikuambii kama darasa liko ghorofani. Nendeni siku ya masomo, iwe chuo cha mafunzo ya ufundi stadi cha VETA, Chuo cha Ufundi au Chuo cha Uhasibu pale Njiro. Kama kijana anatumia kiti mwendo, beba futi ya fundi cherehani: pima upana wa kiti, kisha mlango wa choo. Ndiyo, choo. Nimeona vijana wakishinda bila kunywa maji mpaka jioni, kisha watu wakashangaa kwa nini wameacha masomo. Kwa kiziwi, uliza mkalimani wa lugha ya alama ni nani na analipwa na nani. Jibu la "tutaangalia" lichukulie kuwa hayupo, kisha wasiliana na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kabla ya kulipa ada. Kwa asiyeona, uliza kuhusu nukta nundu, kompyuta inayosoma kwa sauti na muda wa ziada kwenye mitihani.

Kisha pandeni hiace saa kumi na mbili asubuhi, saa ileile atakayosafiri. Wapo makonda wanaodai nauli ya pili kwa ajili ya kiti mwendo, na wapo wasiosimama kabisa. Bajaji ikiwa ndiyo njia pekee, piga hesabu ya mwezi mzima. Huenda hosteli ikawa nafuu.

Hatua ya 4: Mwajiri

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ifahamu, lakini usiingie ofisini ukiitanguliza kama fimbo. Kijana aanze na anachoweza: "Nimesomea upishi, naomba wiki mbili za majaribio." Kisha aseme mwenyewe anachohitaji: maelekezo kwa ujumbe wa simu, meza iliyoshushwa, zamu inayoisha magari yakiwa bado yapo. Mzazi abaki nje. Akiomba kazi serikalini, aainishe ulemavu wake kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Hakuna cha kuficha.

Anayetaka kujiajiri aonane na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Hatua ya 5: Mwezi wa kwanza kazini

Mkataba uwe wa maandishi, mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, uanze kukatwa, na awepo mwenzake mmoja wa kumuuliza mambo madogo madogo. Mshahara uingie kwenye akaunti au namba ya simu yake mwenyewe, si ya kaka yake.